Mdhamini wa Mjapani

Watu wa Tunduma hupenda kusema kwamba Pili Mrisho alijenga nyumba yake kwa maharage. Si kweli, na mwenyewe akisikia hukasirika. Maharage yalikuwa ya wakulima wa Itaka na Hasamba, fedha zilikuwa za Wazambia wa Nakonde na ng'ambo ya huko, na Pili hakuwa na kimojawapo. Alichokuwa nacho ni mkono wake wa kulia.

Alifika mpakani mwaka themanini na tisa, mke wa dereva wa lori, wote wawili wazaliwa wa Kondoa, wakati biashara ndiyo kwanza imefunguliwa na kila mwenye miguu anauza kitu. Dereva akapata mke mwingine upande wa Zambia, akahamia huko, nasi hatutamtaja tena. Pili akabaki na binti yao Yasmini mgongoni, akaingia uwanja wa nafaka kutafuta riziki. Pale alikuta tatizo moja linalowasumbua wote. Mkulima wa Mbozi hamjui Mzambia, na Mzambia hamjui mkulima. Huyu anaogopa kutoa mzigo kabla hajalipwa, yule anaogopa kulipa kabla mzigo haujavuka. Basi wanakaa juu ya magunia wakitazamana mpaka jua linazama, na maharage yanaliwa na panya.

Dawa yake uwanjani ilikuwa mtu wa kati. Anatafutwa mmoja anayejulikana pande zote mbili, anaushika mkono wa huyu na wa yule, anaikutanisha mbele ya watu. Tangu hapo, mmoja akitoroka, aliyebaki hahangaiki kumsaka mtoro. Anamfuata mtu wa kati, naye analipa. Hakuna karatasi, hakuna muhuri, na hakuna aliyewahi kuuliza desturi hiyo imeandikwa wapi.

Pili hakupenda kushikana viganja na wanaume ovyo, kwa hiyo alikuwa akizungushia ncha ya mtandio mkononi kwanza. Wenye uwanja walicheka. Walisema mkono uliofungwa kitambaa utashika nini. Kisha Mzambia mmoja akavuka na mzigo wa mzee wa Hasamba, asirudi. Pili akauza cherehani, akauza kitanda, akauza na masufuria, akamlipa mzee yule bila kuitwa mara ya pili, na akalala chini na mwanawe msimu mzima. Hawakucheka tena. Ikawa mtu akitoka Itaka na mzigo anauliza kwanza kama mama Yasmini yupo.

Miaka ikaenda, na magoti yakaenda nayo. Kusimama juani tangu asubuhi, baridi ya Juni, matope ya Machi, moshi wa malori yaliyopanga foleni ya kuvuka. Mwili haukusahau hata kimoja. Mwaka elfu mbili na sita Yasmini, aliyekuwa amesoma kompyuta Mbeya, akamshauri mama yake afungue intaneti kafe kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Wakafunga dishi juu ya bati, wakapanga mashine nne, na kabla rangi ya ukutani haijakauka vizuri Yasmini akaolewa Morogoro. Mashine zikabaki na mama, kama wajukuu walioletwa kulelewa.

Pili alijifunza. Kiingereza alikuwa nacho, cha mpakani, chenye Kibemba ndani yake, lakini kinatosha kusomea. Na wakati huo ndipo ugonjwa wa magari ya Japani ulipoingia. Mtu anauza kahawa yake, anavaa shati la kanisani, anakuja Tunduma kutazama picha za magari kwenye kioo. Anapitia moja moja, anachagua, anameza mate. Halafu anauliza swali ambalo wenye tovuti huko Japani hawakulifikiria hata siku moja.

"Huyu Mjapani, mtu wake wa kati ni nani?"

Hakuwepo. Palikuwa na maelezo ya Kiingereza marefu kuliko khutuba, na chini yake kisanduku kidogo cha kubofya kwamba umekubali yote. Mkulima akisikia hivyo anainuka, anavaa kofia yake. Mnunuzi wa kwanza akaondoka, wa pili akaondoka. Wa tatu alipoanza kuinuka, Pili alijibu alivyokuwa akijibu uwanjani siku zote.

"Ni mimi."

Akazungusha mtandio kiganjani, akauweka mkono wa mkulima juu ya mausi, wake juu ya ule, wakabofya pamoja. Nani alimtuma? Hakuna. Mjapani mwenyewe hakujua kwamba ana mdhamini Tunduma, mama mwenye magoti mabovu. Lakini mkulima aliketi, akalipa kwa benki, na baada ya kitambo gari likashuka bandarini Dar es Salaam, likapanda mpaka Mbozi likiwa na vumbi la nchi nzima.

Tusimwonee Pili, hakuwa mjinga. Kabla hajauweka mkono alipiga simu Japani asikie sauti ya mtu, hata kama hawaelewani. Kisha alitafuta mtu wa Mbeya au Dar aliyekwishapokea gari kutoka kampuni hiyo. Asipompata, alisema hapana, mteja akasirike, aondoke. Magari yakaja, na jina lake likapanda milima ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuipanda.

Mbonile alikuja Septemba ya mwaka elfu mbili na nane. Alikuwa mkulima wa Itaka, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na ndiye wa kwanza kabisa uwanjani kukubali mkono uliofungwa kitambaa wakati wenzake wanacheka. Alitaka Canter. Kila mwaka alikodi lori la watu kubeba mahindi na kahawa yake, na kila mwaka mwenye lori alikula faida kuliko mwenye shamba. Safari hii aliuza kahawa yote na ng'ombe wake wa kulimia, akisema Canter litawarudisha.

Walilipata moja jekundu, safi, kwenye tovuti ambayo Pili hakuwa ameiona kabla. Bei ilikuwa chini kuliko kwingine, na maandishi yalisema bei hiyo mwisho wake ni siku ile. Pili akainua simu. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu asubuhi, simu haikutoka. Ilikuwa Ramadhani, alasiri, koo limekauka, magoti yanauma, na gari la kumrudisha Mbonile Itaka linapiga honi nje.

"Ungekuja kesho, baba Rozi," Pili alisema. "Nipige simu kwanza."

"Kesho bei si itakuwa imepanda?"

"Wanasema hivyo."

Mbonile akaitazama picha tena. "Wewe unaonaje, mama Yasmini? Ukisema tungoje, nitangoja."

Hapo ndipo pa kujuta. Pili alichoka. Alitaka mzee aondoke, alitaka kukaa chini, alitaka magharibi ifike anywe maji. Akasema, "Naona ni sawa," akazungusha mtandio.

Fedha ilitumwa. Ikaja barua pepe moja yenye muhuri mzuri wa kuvutia, kisha kimya. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Barua za Pili zikaanza kurudi zenyewe. Siku moja akafungua tovuti akakuta hakuna kitu. Duka, ghala, bendera ya Japani, vyote vimeondoka. Picha ya Canter lile jekundu aliikuta baadaye kwenye tovuti nyingine, ya kampuni nyingine, ikiwa imeandikwa kwamba gari hili liliuzwa zamani. Wezi walikuwa wameiba hata picha.

Alikwenda polisi pamoja na Mbonile. Askari aliyewapokea alikuwa mpole. Aliuliza mtuhumiwa anaitwa nani, wakamtajia jina la tovuti. Akauliza anaishi wapi, wakasema hawajui, labda Japani, labda si Japani. Akauliza wizi umefanyika wapi, na hilo kwa kweli hakuna aliyelijua kati yao watatu. Akawashauri waende kwa mwanasheria.

Mbonile hakupiga kelele. Kila alipokuja mjini alipita kafe, akaketi kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Bado?"

"Bado, baba Rozi."

"Haya."

Pili alijua anachongojea mzee. Hakuwa akimngojea Mjapani. Alikuwa akingojea mtu wa kati afanye kama alivyomfanyia mzee wa Hasamba. Lakini cherehani na kitanda havilipi Canter. Kitu pekee kinacholipa Canter ni nyumba, ile ile yenye kafe chumba cha mbele, na Pili alikuwa amepita hamsini. Alijaribu kujiona akianza upya uwanjani, juu ya magoti yale, akalala chini tena, safari hii bila ujana. Alishindwa kujiona. Akawa anamwambia mzee "bado", na kila "bado" ilimchosha kuliko gunia.

Aliyechoka kungoja alikuwa Lwitiko, mtoto wa kaka yake Mbonile, mwalimu wa sekondari Vwawa. Alisema desturi ni nzuri lakini korti ni nzuri zaidi, akaandika madai, na Pili akaitwa mahakama ya wilaya.

Pili akaenda Mbeya kwa wakili Abdulwahab, aliyekuwa amemsaidia zamani kwenye mambo ya kiwanja. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Mama, kesi hii ina mlango mmoja tu. Mkataba wa gari si wako. Wewe huuzi magari, hukupokea fedha. Hizo barua pepe ulizomchapishia mzee nitazipinga. Sheria zetu za mikataba zimeandikwa enzi za mkoloni, hazijui kubofya ni nini. Kinachonitisha ni dhamana. Dhamana inaweza kuwa ya mdomo. Inaweza kuwa ya mkono. Kama ulimdhamini yule muuzaji, utalipa."

"Na kama sikumdhamini?"

"Basi mzee amtafute mwizi wake."

Pili akatazama dirishani. "Hakuna mwingine aliyekuwepo siku ile."

"Ndiyo maana nasema mlango ni mmoja," Abdulwahab alisema. "Sikuambii useme nini. Nakuambia utaulizwa nini. Mkono wako ulikuwa juu ya mkono wake. Hakimu atauliza kwa nini. Mtu asiyejua mausi hufundishwa kwa kushikwa mkono, hata mimi nilifundishwa hivyo."

Hakusema zaidi, na hakuwa na haja. Mtu akionyeshwa mlango wazi wakati nyumba inaungua, haulizi umetengenezwa kwa mti gani.

Siku ya kesi ilinyesha. Mbonile alitoa ushahidi wake kwa dakika chache. Alisema aliweka mkono, mama Yasmini akaweka wake, basi akajua amepata mtu wa kati. Hakimu, kijana mwenye kikohozi, akamuuliza kama palikuwa na maandishi. Mbonile akasema uwanjani hakuna maandishi. Lwitiko akatoa barua pepe zilizochapishwa. Wakili akasimama kuzipinga, akauliza zimesainiwa na nani. Hakimu akazigeuza mbele na nyuma akitafuta saini. Akakiri kwamba karatasi za namna hiyo hazijawahi kufika mezani kwake, akaziweka pembeni.

Kisha akaitwa Pili. Alishika msahafu, akaapa kusema kweli.

"Shahidi, ulimshika mdai mkono?"

"Nilimshika, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Hajui kutumia mausi. Nilimwelekeza."

Mpaka hapo hakuwa amesema uongo, na aliomba moyoni hakimu aishie hapo. Hakimu akakohoa, akageuza ukurasa.

"Mdai anasema kwa kumshika mkono ulisimama mdhamini wa muuzaji. Ulimdhamini muuzaji?"

Pili aliona viatu vya Mbonile, vyeusi, vya kanisani, vimelowa matope ya Vwawa. Hakuinua macho juu ya viatu.

"Hapana, mheshimiwa. Kazi yangu ni kukodisha mashine."

Hukumu haikuchukua siku nyingi. Madai yalitupwa. Abdulwahab alimpongeza, akamwambia sasa alale usingizi. Nyumba ilibaki, dishi lilibaki, mashine nne zilibaki. Pili alitoka nje akiwa mshindi, na miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku yoyote aliyosimama uwanjani.

Mbonile alikuwa kwenye kibaraza akisubiri mvua ipungue. Pili angependa amtukane. Mtu akikutukana mnagawana mzigo, kila mmoja anarudi na kipande chake. Mzee akamsalimia kama kawaida, akamuuliza kama amepata usafiri wa kurudi Tunduma.

"Nimepata, baba Rozi."

"Haya." Akaitazama mvua. "Ungesema tu, mama Yasmini. Ningekungoja. Ungelipa kidogo kidogo, hata ungekufa hujamaliza. Mimi na wewe tungejua."

Lwitiko akaja na mwavuli, akamchukua mzee.

Mtu asidhani alisusiwa. Tunduma haina muda wa kumsusia mtu. Mji mzima uko safarini. Watu waliendelea kuingia kafe, wakaangalia barua zao, wakachapisha karatasi zao, wakalipa. Wazambia walimwamkia "mulishani, ba mama" kama zamani, naye akawaitikia. Ila walikuja vijana wenye barua pepe zao wenyewe, wakaagiza magari yao wenyewe, mengine yakafika, mengine yakapotelea hewani, na hakuna aliyemgeukia kumuuliza yeye anaonaje. Siku moja Watson, mnunuzi wa maharage wa Nakonde aliyefanya naye biashara tangu Yasmini yuko mgongoni, alisimama mlangoni mwa kafe na mkulima mgeni wakitafuta mtu wa kati. Pili akaanza kuinuka. Watson akamwona, akatabasamu kwa aibu, akasema wanapita tu. Wakaenda kwa mwanamume mmoja wa stendi, ambaye Pili alimjua kuwa mlevi. Akakaa. Alihisi uchungu ambao hakuwa na wa kumlaumu, na uchungu wa aina hiyo haupoi.

Aliwahi kumpigia Yasmini simu akitaka kumweleza. Yasmini alisema, "Mama, si ulishinda?" Pili akasema ndiyo, akauliza habari za watoto.

Mwaka uliofuata, matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, kafe ilijaa mpaka nje. Matokeo yalikuwa kwenye mtandao, na kila mzazi wa Mbozi aliyekuwa na mtoto shuleni alishuka mjini kuyatafuta. Pili alikuwa akizunguka toka kiti hadi kiti, anawasaidia wanaobabaika. Aligeuka akamkuta Mbonile kwenye foleni, ameshika kikaratasi cha namba ya mtihani ya binti yake Rozi. Alikuwa amekonda. Ng'ombe hawakurudi, na shamba alilima kwa jembe la mkono. Hilo Pili aliambiwa na watu wa Itaka, hakuambiwa na yeye.

"Shikamoo, baba Rozi."

"Marahaba. Mashine ipi iko wazi?"

"Nipe hiyo namba nikutafutie."

"Nitajaribu mwenyewe."

Akaketi. Alivaa miwani iliyofungwa uzi, akauweka mkono juu ya mausi, akaanza. Mshale ulikimbia huku na huku, ukapotea, akausubiri urudi. Vijana waliokuwa nyuma yake wakaguna, mmoja akacheka, Pili akamkata jicho akanyamaza. Yeye mwenyewe alisimama hatua moja nyuma ya kiti, mikono imeshikana, akitamani sana kumwelekeza na asithubutu. Mzee alikosea, akarudi mwanzo, akakosea tena. Hatimaye ukurasa wa shule ukafunguka. Akaushusha polepole, kidole kikifuata kwenye kioo, mpaka kwenye namba ya Rozi.

Daraja la pili. Pili aliliona kabla yake, na machozi yakamjia asijue ni ya furaha au ya nini.

"Hongera sana, baba Rozi. Mtoto amefaulu."

"Tunamshukuru Mungu." Alisoma tena mstari ule, midomo ikitikisika. "Naomba unichapishie."

Pili akamchapishia. Akaikata karatasi vizuri ukingoni, akaikunja, akampa kwa mikono miwili. Mbonile akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaanza kutafuta fedha mfuko mwingine.

"Leo usilipe," Pili alisema kwa sauti ndogo. "Iwe zawadi ya Rozi. Naomba, baba."

Mbonile akamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa mtu aliyetoka mbali na atakayerudi mbali, mwenye haraka ya kuwapelekea wa nyumbani habari njema.

"Hapana, mama Yasmini. Nimekodi mashine. Niambie ni kiasi gani."

Kijana wa nyuma alikuwa amekwisha kuvuta kiti. Pili akataja bei.